MAISHA YA PAPA SIMON KIMBANGU NA UHURU WA MKRISTO

 

Vijana wetu wanauliza neno moja mara kwa mara. Ikiwa Kristo alitufanya huru, kama mtume Paulo anavyofundisha katika Wagalatia 5, mbona Kanisa lina amri nyingi? Pombe hapana, tumbaku hapana, kucheza ngoma hapana, mwanaume na mke mmoja tu, viatu vinavuliwa mahali pa sala. Uhuru uko wapi hapo? Na wengine wanauliza neno lililo zito zaidi. Mtu anayeishi mahali ambapo mwenye bunduki ndiye anayeamua nani alale wapi, nani alime shamba gani na nani abebe mzigo, mtu wa namna hiyo anaweza kusema kweli kwamba amechagua kitu?

Maswali hayo si ya utovu wa imani. Ni maswali ya watu walioteswa, nayo yanastahili jibu. Sisi tumeona vema kuwasimulia tena maisha ya Papa Simon Kimbangu. Wengi wenu mnayajua tangu utoto. Lakini safari hii sikilizeni mkiangalia jambo moja tu: katika kila hatua ya maisha yake, ni nani aliyechagua?

KUZALIWA NA KULELEWA

Papa Simon Kimbangu alizaliwa Nkamba, katika nchi ya Kongo ya Chini, kule magharibi karibu na bahari. Kanisa linakumbuka kuzaliwa kwake tarehe 12 Septemba 1887. Siku zile nchi yetu ilihesabiwa kuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Watu walilazimishwa kubeba mizigo, kukata njia na kutafuta mpira wa porini, na fimbo ya kiboko ilikuwa juu ya mgongo wa kila mtu mweusi. Mwaka 1908 nchi ikatoka mkononi mwa mfalme ikawa koloni la dola la Ubelgiji, lakini fimbo haikuondoka.

Kimbangu alifundishwa na wamisionari Wabaptisti wa Kiingereza wa kituo cha Ngombe-Lutete. Alimwoa Mama Mwilu Marie, na wote wawili wakabatizwa mwaka 1915. Akawa mwalimu wa Injili kijijini. Mungu aliwapa wana watatu: Kisolokele, Dialungana na Diangienda.

Mpaka hapo maisha yake yalikuwa kama ya Wakristo wengi wa wakati ule. Alilima, alisali, alifundisha wengine kusoma Neno.

MIAKA MITATU YA KUKIMBIA

Mwaka 1918 homa kali ilizunguka dunia nzima na kuua watu kwa mamilioni, na Kongo nayo ililia. Katika siku zile Kimbangu alisikia sauti ya Bwana ikimwita awachunge kondoo wake na kuwageuza ndugu zake. Je, alikubali mara moja? Hapana. Alijibu kwamba yeye si mtu wa elimu, na kwamba wako wachungaji na mashemasi wanaofaa kwa kazi hiyo. Sauti ikarudi, naye akakataa tena. Mwishowe akaondoka Nkamba, akaenda Kinshasa kutafuta kazi ya mshahara, ili awe mbali na wito huo. Hata huko sauti ilimfuata.

Ndugu, tusipite haraka mahali hapa. Wengine wanaona haya kusimulia kwamba mtumishi wa Mungu alikimbia. Sisi hatuoni haya, kwa sababu Biblia haikuona haya kusimulia habari za Yona, wala za Musa aliyejitetea kwamba hajui kusema. Mungu aliyeumba mbingu na nchi angeweza kumshika Kimbangu kama askari anavyomshika mpagazi njiani. Hakufanya hivyo. Alimwita, akangoja, akamwita tena, akangoja. Miaka mitatu Mungu alikubali kukataliwa na mwalimu mmoja wa kijiji, kwa maana alitaka mtumishi, hakutaka mtumwa wa kufungwa kamba.

Hilo ndilo la kwanza tunalojifunza. Mtu asiyeweza kusema hapana mbele za Mungu, ndiyo yake nayo haina uzito.

APRILI 1921

Kimbangu akarudi Nkamba. Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa sana aliyeitwa Kiantondo. Akamwekea mikono kwa jina la Yesu Kristo, na yule mwanamke akapona. Roho alimsukuma sana siku ile, lakini mkono ulionyoshwa ulikuwa mkono wake mwenyewe. Wakati wa kungoja ulikuwa umekwisha, naye alikuwa amekubali.

Tangu hapo watu walifurika Nkamba. Wagonjwa waliletwa kwa machela. Wafanyakazi waliacha mashamba ya Wazungu na kazi za reli ya Matadi, vitanda vya hospitali vikabaki bila watu, na vitabu vya nyimbo vikatafutwa kila mahali. Kimbangu aliwahubiri waache hirizi na dawa za uchawi, waache ngoma chafu, waache kuoa wake wengi, wamwamini Yesu Kristo peke yake.

Angalieni jinsi jambo hilo lilivyofanyika. Kimbangu hakuwa na askari, hakuwa na gereza, hakuwa na kodi ya kutoza. Hata hivyo watu walitoa hirizi zao wenyewe na kuzitupa. Serikali ilikuwa na bunduki na fimbo, wala haikuweza kuingia ndani ya moyo wa mtu. Kile ambacho nguvu haikuweza kwa miaka mingi, Neno lilikifanya kwa miezi michache, kwa sababu Neno lilimwuliza mtu akubali.

ALIJITOA MWENYEWE

Wakubwa wa koloni waliogopa. Tarehe 11 Mei 1921 mtawala Léon Morel alifika Nkamba kuangalia. Aliona umati, akaona kwamba watu hawa wanamsikiliza mtu mmoja kuliko wanavyomsikiliza Bula Matari. Tarehe 6 Juni akarudi na askari ili kumkamata. Kukawa na ghasia kubwa, kijiji kikaharibiwa, watu wakafungwa. Lakini Kimbangu alipita katikati yao akawaponyoka.

Kwa muda wa miezi mitatu alijificha, akienda kijiji kwa kijiji akifundisha kwa siri. Watu walimpenda, walimlisha, walimficha, na askari hawakumpata. Angeweza kuendelea hivyo. Angeweza kuvuka mpaka, kwa kuwa Angola na Kongo ya Wafaransa hazikuwa mbali, na watu wa kabila lake waliishi pande zote tatu.

Yeye hakuvuka. Mwezi wa Septemba 1921 alirudi Nkamba, akawaaga watu wake, akawakataza kurudisha pigo kwa pigo, akangoja askari waje. Kanisa linakumbuka kwamba ilikuwa tarehe 12, siku ile ile ya kuzaliwa kwake. Wakamfunga, yeye na baadhi ya wafuasi wake, wakawaongoza kwa miguu mpaka Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu.

Wengine waliosoma habari hizi wamesema ya kwamba alikamatwa. Sisi tunasema alijitoa. Mtu anayekamatwa ameshindwa mbio. Yeye mbio alikuwa amezishinda, kisha akarudi. Alimfuata Bwana wake, ambaye katika Yohana 10 anafundisha kwamba hakuna mtu anayemnyang'anya uhai wake, bali yeye mwenyewe anautoa.

Mkumbuke tena miaka mitatu ya kwanza. Mtu huyu alijua kukimbia. Alikuwa amekimbia wito wa Mungu mpaka Kinshasa. Basi aliporudi safari hii, alirudi akiijua njia ya kukimbilia, naye akaiacha kwa hiari yake. Hapo uhuru wake ulikuwa umekomaa.

HUKUMU NA MIAKA THELATHINI YA GEREZA

Kesi ilifanywa na mahakama ya kijeshi, chini ya komanda De Rossi. Kimbangu hakupewa wakili wa kumtetea. Tarehe 3 Oktoba 1921 alihukumiwa kupigwa fimbo 120, kisha kuuawa. Baadhi ya wamisionari Waprotestanti waliomba ahurumiwe, na mfalme Albert I wa Ubelgiji akaibadili hukumu ya kifo kuwa kifungo cha maisha.

Akapelekwa gereza la Elisabethville, mji wa Lubumbashi wa leo, zaidi ya kilomita 1500 kutoka kwao. Kazi yake ya kuponya na kuhubiri mbele ya watu haikufika hata miezi sita. Kifungo chake kilikuwa miaka 30. Alikufa gerezani tarehe 12 Oktoba 1951, hakurudi Nkamba akiwa hai.

Na familia yake je? Kisolokele, mtoto wa miaka 7, alitenganishwa na wazazi, akapelekwa shule ya serikali kule Boma. Mama Mwilu alibaki Nkamba chini ya macho ya wapelelezi. Kwa nje alikuwa mke wa mfungwa, mama wa watoto wadogo, asiye na mtetezi. Lakini kwa siri, katika giza la usiku, ndiye aliyewakusanya waamini na kuwatia moyo, mpaka alipoitwa na Bwana mwezi wa Aprili 1959. Mama zetu wa Buleusa walioachwa peke yao na watoto wanaweza kujua ni nguvu gani inahitajiwa kwa kazi hiyo. Hakuna aliyemlazimisha. Angekana dini ya mumewe na kuishi kwa utulivu.

LOWA, MTO WETU

Wafuasi wengi nao walihamishwa kwa nguvu na kutupwa mbali na kwao, pamoja na wake na watoto. Moja ya kambi zao ilikuwa Lowa, penye mto Lualaba. Sisi watu wa Masisi na Walikale tunaujua mto Lowa, kwa kuwa maji yake yanatoka katika milima yetu, yanapita Walikale, yanakwenda kuingia Lualaba huko huko. Maji tunayochota sisi ndiyo waliyokunywa wale wafungwa wa imani.

Serikali ilifikiri kwamba kuwatawanya ni kuizima dini. Kumbe iliipanda. Kila mahali walipotupwa walisali, na majirani walioona namna yao ya kuishi wakauliza habari za Mungu wao. Hao waliohamishwa hawakuchagua mahali pa kukaa. Walichagua namna ya kukaa pale. Ndugu, hilo ni neno kwa kila mmoja wetu aliyeacha nyumba yake akiwa na mtoto mgongoni na sufuria kichwani.

MWAKA 1944 KATIKA MISITU YETU

Ni lazima tuseme pia habari za huku kwetu. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Wabelgiji waliwasukuma tena watu msituni kutafuta mpira, na kazi ya lazima ikazidi. Mwaka 1944, katika nchi ya Masisi, Walikale na Lubutu, mtu mmoja aitwaye Bushiri, wa dini ya Kitawala, aliwaamsha watu kumpinga mkoloni. Silaha zikashikwa. Jeshi likaja, damu nyingi ikamwagika, na Bushiri akafa kifungoni mwaka uliofuata.

Hatuwalaumu wazee wetu. Mzigo waliobebeshwa ulikuwa mzito kweli, na hasira yao ilikuwa na sababu. Lakini tunaweka njia mbili mbele yenu. Njia ya silaha huanza kwa kutafuta uhuru, na baada ya siku chache yule asiyetaka kuifuata analazimishwa. Watu wa Walikale hawahitaji kuelezwa jambo hili. Njia ya Papa Simon Kimbangu haikumlazimisha mtu hata mmoja, wala askari aliyemfunga.

WATU 600

Miaka ya 1950 ilipoendelea, waamini walikuwa wangali wakikamatwa. Ndipo watu wapatao 600 wakatia sahihi barua kwa gavana mkuu wa koloni. Waliomba mambo mawili, achague moja: awaache wasali kwa amani, ama awakusanye wote katika uwanja mkubwa wa michezo wa Léopoldville awaue mara moja.

Kila mmoja alitia jina lake. Kwa miaka 30 na zaidi walikuwa wamejificha, na sasa wakajitoa wenyewe, kama Papa Kimbangu alivyorudi Nkamba. Serikali haikuwaua. Mateso yakapungua, na tarehe 24 Desemba 1959 Kanisa likakubaliwa kisheria, miezi sita kabla ya nchi kupata uhuru. Mwezi wa Aprili 1960 mwili wa Papa Simon Kimbangu ukaletwa kutoka Elisabethville, ukazikwa Nkamba. Na tangu mwaka 2023 dola yetu imeiweka tarehe 6 Aprili kuwa sikukuu ya taifa zima kwa ukumbusho wake. Mfungwa wa Elisabethville anakumbukwa na nchi nzima.

MAFUNDISHO KWETU SISI

Ya kwanza, juu ya amri. Kanisa letu linashika mambo matatu: upendo, amri na matendo. Upendo unatangulia. Yule aliyempenda Kristo na kumchagua, amri kwake ni kama ukuta wa shamba alilolilima mwenyewe. Anaulinda kwa furaha. Yule aliyesukumwa ndani kwa nguvu, amri kwake ni ukuta wa gereza. Kijana anayeacha pombe kwa kumwogopa mchungaji atakunywa siku mchungaji akisafiri. Paulo anafundisha ya kuwa uhuru haukutolewa ili kuupendeza mwili, bali ili tutumikiane kwa upendo. Basi, kijana, usishike amri kwa sababu baba yako anaishika. Fikiri, sali, kisha uchague.

Ya pili, juu ya wazazi na viongozi. Mfundishe mtoto, mwonyeshe njia, mlilie Mungu kwa ajili yake. Lakini usimpige ili aamini, wala usimfukuze nyumbani kwa sababu amesali mahali pengine. Mungu alimngoja Kimbangu miaka mitatu. Wewe ni nani usiyeweza kungoja?

Ya tatu, na ndiyo ngumu. Katika sehemu zetu kuna vijana waliochukuliwa kwa nguvu na wenye silaha. Kuna wasichana waliotendwa mambo wasiyoyataka. Wakirudi, wako kati yetu wanaowanyoshea kidole kana kwamba walichagua. Ndugu, tuogope kumhesabia mtu dhambi aliyotendewa. Mwenye kulazimishwa hakuchagua. Mlango wa Kanisa uwe wazi kwake, na nafasi yake katika kwaya iwe palepale. Lakini kwa kijana ambaye hajachukuliwa, naye anataka kwenda mwenyewe kwa ajili ya fedha au kisasi, tunamwambia kwa upendo: wewe ungali na uchaguzi. Usiutupe, kisha useme kesho kwamba vita ndivyo vilivyokuchagulia.

Kwa wale wanaouliza kama inawezekana kuchagua chini ya bunduki, jibu letu ni hili. Mwenye nguvu anaweza kukuondolea nyumba, shamba, mbuzi na barabara. Alimwondolea Kimbangu mke, watoto, kijiji na miaka 30. Kitu kimoja hakukipata, nacho ni ile ndiyo aliyomwambia Mungu baada ya kukataa kwa muda mrefu. Ilikuwa yake, kwa sababu aliitoa bila kulazimishwa. Na kwa sababu hakulazimishwa na Mungu, hakuna mwanadamu aliyeweza kuirudisha nyuma.

Kila mmoja wetu ajiulize wiki hii, mbele za Bwana peke yake: imani niliyo nayo, niliichagua, au nilirithi tu pamoja na jina la ukoo? Asiyekuwa amechagua, mlango haujafungwa. Mungu wa Papa Simon Kimbangu ni Mungu anayejua kungoja.

Ee Bwana, utupe moyo wa kukubali kwa hiari yetu, na utuzuie tusimlazimishe mwingine. Uwarudishe nyumbani walio msituni na walio ukimbizini. Uibariki Buleusa, Masisi na Walikale kwa amani. Kwa jina la Yesu Kristo, Amina.